Kawa za Rabia na Ukurasa wa Watu Wote

Mimi ndiye bibi wa kwanza katika mtaa wetu wa Arua kuandika kwenye ukurasa wa intaneti. Wanangu wanajua. Wajukuu wanajua. Imamu naye amelisikia jambo hilo mara nyingi kuliko alivyotaka. Nilichoandika ni herufi K, mistari mitatu mizima, kwa sababu nilikuwa nimeikalia simu.

Habari ya hizo K itafika. Kwanza nimalize hasira yangu, maana bado iko hapa kifuani.

Watu wa mtaa wananiita Haboba. Kwa Kinubi ni bibi. Kazi yangu ni kusuka. Nikishaswali na kunywa chai, natandika mkeka barazani, naloweka ukindu, naanza. Sisi wanawake wa Kinubi husuka kawa, yaani vifuniko vya sinia la chakula. Kawa zetu ni za rangi: nyekundu, kijani, zambarau. Arusi ya Kinubi isiyo na kawa si arusi. Ni karamu ya nzi.

Tuna kikundi chetu cha wasusi. Nusu wako Arua, nusu wako mji wa Koboko, safari ya gari kutoka hapa. Mwenyekiti wetu ni Hajati Bushira. Umri wake ni sawa na wangu, ila yeye anaukubali. Katibu ni Siraji, mtoto wa dada yake. Ndiye mwanamume pekee katika kikundi. Tulimchagua kwa sababu alikuwa na simu kubwa. Kwamba alikuwa na maneno makubwa pia, tuliona baadaye.

Na kule Koboko yuko Rabia. Rabia ni mtoto wa mdogo wangu, ambaye Mungu amemchukua. Mume wa Rabia alikwenda Juba kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta. Watoto wanakula kwa mikono ya Rabia. Akisuka, wanakula. Asiposuka, hawali. Kwa hiyo akitolewa kwenye kikundi, hana pa kushika.

Basi ilikuwa hivi.

Palikuwa na arusi hapa Arua. Mama wa bibi arusi alitaka kawa nyingi. Hajati Bushira alitugawia kazi sisi wa Arua, na kule Koboko akampa Rabia peke yake. Alirekodi sauti yake kwenye kundi letu la Watsapu. Wote tulisikia: kawa ziwe na upana wa dhiraa moja.

Sisi wa Arua tulishangaa. Tulikuwa tumeyaona yale masinia. Ni makubwa. Yanataka dhiraa moja na shibiri juu yake. Hajati alikuwa amesahau ile shibiri.

Je, nani alimwambia kwenye kundi, "Hajati, umekosea"? Hakuna. Kwetu mtu mzima hasahihishwi mbele ya watu. Unakwenda nyumbani kwake. Unamsalimia. Unaulizia mguu wake unaouma. Unasifu chai yake. Halafu unasema polepole, kama mtu anayeota, "Hajati, labda na shibiri?" Naye anasema, "Eeh, na shibiri." Unarudi nyumbani, unasuka vizuri.

Wanawake wa Arua walikwenda kwa Hajati mmoja mmoja. Wiki ile hakuna mguu ulioulizwa hali kama mguu wa Hajati.

Lakini Rabia yuko Koboko. Atakwendaje kunong'ona kutoka Koboko? Alisikiliza sauti ya Hajati, akatii, akasuka dhiraa moja.

Siku ya arusi gunia la Koboko lilifika. Mama wa bibi arusi alilifungua mbele ya wageni. Akachukua kawa moja nzuri, nyekundu na zambarau, akaiweka juu ya sinia la pilau. Ilikaa katikati ya wali kama kofia ya mtoto mchanga juu ya kichwa cha mzee. Wageni walicheka. Nzi walifurahi. Mama wa bibi arusi hakucheka hata kidogo.

Kesho yake tulikutana kwa Hajati. Rabia alikuja kutoka Koboko. Alikaa karibu na mlango, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi.

Siraji akasimama. Akakohoa kama mbunge.

"Huyu Rabia iko na kichwa ngumu," alisema. "Ametuaibisha. Mutu hasikii maagizo, ya nini kukaa na yeye? Mimi nasema atoke."

Nikauliza, "Rabia mwanangu, wewe uliambiwa kipimo gani?"

"Dhiraa moja, Mama Mkubwa," alijibu. "Ni sauti ya Hajati mwenyewe. Bado ninayo."

Akabonyeza simu yake. Kioo cha simu ile kina ufa, lakini sauti ilitoka safi. "Dhiraa moja, wanangu! Dhiraa moja, msisahau!"

Wanawake wote waliangalia mkeka. Hajati aliangalia mguu wake.

Siraji hakutikisika. "Lakini Hajati alirekebisha baadaye! Aliniambia mimi, nami niliandika. Iko hapa, kwenye simu yangu. Tazameni!"

"Uliandika kwenye simu yako," nikasema.

"Ndiyo, Haboba. Mimi ni katibu. Mimi naandika."

"Na simu yako nani anaisoma?"

"Hakuna mutu. Iko na neno la siri."

"Hata mkeo haisomi?"

"Huyo hasa ndiye haisomi."

Wanawake walicheka. Mimi nilitaka kucheka pia, lakini hasira ilifika kwanza. Tazama mambo haya! Mwenyekiti amekosea, amerekebishwa kwa kunong'onezwa. Katibu ameficha marekebisho mfukoni, anaita hiyo ni kazi. Halafu anayeadhibiwa ni yule aliyefanya alivyoambiwa!

Hajati akasema, "Mwezi ujao kuna arusi Koboko. Kubwa kuliko hii. Tumpe Rabia nafasi moja. Kazi ikiharibika tena, atatoka."

Rabia aliinama. "Ahsante, Hajati," alisema.

Ahsante! Ahsante ya nini? Nilirudi nyumbani nikiipigapiga njia kwa ndala. Nilipofika niliugombeza mlango, nikamgombeza kuku, nikaanza kuligombeza jiko.

"Haboba, jiko imekosa nini?" Sauti ilitoka ng'ambo ya ua.

Huyo ni Driciru, jirani yangu. Ni Mlugbara wa Dadamu. Anafanya kazi katika chama cha wakulima wa simsim, yaani ufuta. Mdomo wake haufungwi, na ndiyo sababu tunapatana.

Nikamweleza yote. Driciru alisikiliza, mikono kiunoni.

"Haboba, Watsapu ni nzuri kwa habari," alisema. "Lakini kwa kazi ya watu wengi haitoshi. Maneno mapya yanasukuma ya zamani. Picha ya jana na picha ya leo zinafanana. Kila mutu anabaki na kipimo yake. Sisi kwenye chama tulipotea hivyo hivyo. Mutu wa Koboko alikuwa na hesabu yake ya mbegu, mutu wa Dadamu yake. Sasa tuna ukurasa moja tu."

"Ukurasa wa karatasi?"

"Hapana. Ukurasa iko kwenye intaneti. Ngoja nikuonyeshe."

Aliruka ua, akakaa kwenye mkeka wangu, akatoa simu. Kwenye kioo nikaona ukurasa mweupe, kama wa daftari la shule. Akaandika: *Kazi ya arusi ya Koboko.*

"Ukurasa hii haikai ndani ya simu yangu," alisema. "Iko mahali pamoja kwenye mtandao. Mimi nitafungua kwa simu yangu hapa. Rabia atafungua kwa simu yake Koboko. Wote tunaona kitu moja. Nikibadilisha neno hapa, kule limebadilika."

"Mpaka ulitume kwanza?"

"Hakuna kutuma, Haboba. Ndiyo maana nasema ni moja."

Niliangalia ile karatasi isiyokuwa karatasi. "Na bei yake?"

"Kampuni nyingi zinatoa bure. Unahitaji anwani ya barua pepe na neno lako la siri. Na bando kidogo. Maneno ni mepesi, hayali bando kama video."

"Basi tumpe katibu maneno yetu yote ya siri, ayatunze..."

"Wapi!" Driciru alipiga paja. "Neno la siri halipewi mutu. Si katibu, si mume, si mimi. Kila mutu aingie kwa jina lake mwenyewe. Tena usiweke anwani ya ukurasa kila mahali. Unaalika wanaohusika tu. Na unachagua: huyu asome tu, huyu atoe maoni, huyu aandike."

"Na asiye na simu ya kugusa?"

"Akae na mwenzake, wasome pamoja. Si mnasuka pamoja?"

Hapo nikamwuliza lile lililoniuma. "Driciru, mambo haya yote ni mazuri. Lakini Hajati akikosea tena kwenye ukurasa huo, nani atafuta neno lake? Mimi? Sina ujasiri huo, na mimi sina aibu, unanijua."

Driciru alicheka. "Kwetu Walugbara pia iko hivyo. Mukubwa humwambii mbele ya watu. Tazama hapa."

Akagusa neno moja kwenye ukurasa. Pembeni pakatokea kidirisha kidogo. "Hii ni maoni. Unaandika pembeni. Neno la mukubwa linabaki palepale, halijaguswa. Wewe unauliza tu, kwa adabu. Yeye mwenyewe akitaka, anabadilisha."

Nikakodoa macho. "Kama kunong'ona?"

"Kama kunong'ona. Ila hata Koboko wanasikia."

Nikamwambia anialike palepale. Tulitengeneza barua pepe yangu, nikachagua neno la siri ambalo sikuambii. Nikakaa vizuri ili nianze kuandika. Bahati mbaya nilikaa juu ya simu. Hapo ndipo zilipozaliwa zile K.

"Haboba! Umejaza ukurasa!"

Nikaogopa. "Nimeuharibu?"

"Haiharibiki. Ukurasa inakumbuka ilivyokuwa mwanzo. Unarudisha nyuma, hivi." Akagusa alama moja, K zote zikatoweka. Sikuficha huzuni yangu. "Na tazama juu hapa," akaendelea. "Hii duara ndogo yenye jina ni wewe. Mutu akiwa ndani ya ukurasa, jina lake linaonekana. Akiandika, kuna kijiti cha rangi kinatembea, na jina lake liko juu ya kijiti. Wenzake wote wanaona herufi zikitoka moja moja."

"Kwa hiyo mtu hawezi kujificha?"

"Akiingia kwa jina lake, hapana."

Nililiweka neno hilo akilini, kama mtu anavyoweka sukari mbali na watoto.

Mkutano uliofuata nilikwenda na Driciru. Alieleza kama alivyonieleza mimi. Aliwaonyesha wanawake, akawapa simu wajaribu. Walipiga vigelegele herufi ya kwanza ilipotokea. Kwa wale wa Koboko tulipiga simu. Binti wa Rabia, ambaye yuko sekondari, aliwasaidia kule.

Siraji alikuwa amekunja mikono. "Hiyo ni michezo," alisema. "Kazi ya katibu inafanywa na katibu. Kila mwanamke aandike? Kesho wataandika mapishi!"

Hajati akamwuliza, "Siraji, hutaki kuona kazi yetu?"

"Mimi? Mimi sitatia mguu kwenye ukurasa hiyo!" Alisimama, sauti ikapanda. "Siku mtakayoniona humo ndani, nitamwomba Rabia msamaha mbele ya watu wote. Mungu ni shahidi!"

"Tumesikia," nikasema.

"Katibu ni katibu," Hajati akamwambia Driciru kwa upole. "Mwalike. Aruhusiwe kuandika. Asipokuja, ni shauri yake."

Kazi ikaanza. Hajati ndiye aliyeandika maagizo, kwa kidole kimoja, miwani imeshuka puani. Upana, idadi, rangi. Chini yake kila msusi aliandika jina lake na kawa alizochukua. Akimaliza moja, anaweka alama. Tuliona nani anakimbia na nani analala. Msusi mmoja wa Koboko alipougua, aliandika tu, "Homa imenishika." Kabla chai yangu haijapoa, wenzake wawili walikuwa wamegawana sehemu yake. Zamani tungejua siku ya arusi.

Halafu asubuhi moja nikaona jambo. Hajati alikuwa ameandika kwamba ukingo wa kawa zote uwe mweusi.

Mweusi! Arusini! Sisi wa Arua tulianza kuvaa mitandio twende tukaulizie mguu. Nami nilikuwa nimeshika kandambili moja mkononi, nyingine mguuni, nilipotazama simu. Pembeni ya neno lile palikuwa na maoni. Yalitoka kwa Rabia.

"Salaam aleikum, Hajati. Naomba kuuliza. Mama wa bibi arusi huku anasema alitaka ukingo wa kijani. Labda sisi ndio hatukuelewa?"

Nilikaa chini, kandambili mkononi. Niliogopa. Huyu mtoto yuko kwenye nafasi yake ya mwisho, na amemwuliza mkubwa mbele ya kikundi kizima! Duara za majina zilijaa juu ya ukurasa. Wote tulikuwa ndani. Kijiti cha Hajati kikaonekana. Kikasimama. Kikaondoka. Kikarudi.

Ndipo herufi zikaanza kutoka pembeni, moja moja, polepole.

"Aleikum salaam, binti yangu. Wewe umeelewa. Mimi ndiye niliyekosea. Ni kijani." Halafu, baada ya kitambo, mstari mwingine. "Na ile shibiri pia nilikosea mimi."

Namjua Hajati Bushira tangu tukiwa wasichana. Maneno hayo sijawahi kuyasikia mdomoni mwake. Labda kidole kina moyo mwepesi kuliko mdomo. Akalifuta neno "mweusi" kwa mkono wake, akaandika "kijani".

Arusi ya Koboko ilifika. Kawa za Arua na kawa za Koboko ziliwekwa juu ya masinia. Hukuweza kujua ipi imesukwa wapi. Upana mmoja, ukingo mmoja wa kijani. Nzi walirudi kwao na njaa. Mama wa bibi arusi alimshika Rabia mkono, akamzungusha mbele ya wageni kama bibi arusi wa pili. Hakuna aliyetaja tena habari ya kumtoa kwenye kikundi.

Lakini nilisema nina hasira, na hasira yangu ilikuwa bado haijapata chakula chake. Kosa la kipimo lilikuwa limekubaliwa. Lile neno la "kichwa ngumu" lilikuwa bado liko pale, na aliyelisema alikuwa anatembea mjini kifua mbele. Rabia hakudai kitu. Mimi nilidai kwa niaba yake, kila siku, kwa jiko na kuku.

Wiki iliyofuata Hajati alipata wageni kutoka Ombaci. Ni akina mama wa kikundi cha vyungu. Walisikia habari zetu, wakataka kuona huo ukurasa ili nao waanze. Asubuhi Hajati alikuwa amewaambia wanachama wote kwamba wageni watakuja, na Siraji pia aliambiwa.

Tulikaa ndani kwa Hajati. Driciru aliegemeza simu yake kubwa ya kazini kwenye kopo la sukari ili wote waone. Juu ya ukurasa palikuwa na duara ya Rabia, aliyekuwa akifuatilia kutoka Koboko.

"Ngoja nimwite katibu," Hajati alisema. Akapiga simu yake ndogo, akaweka sauti nje. "Siraji, wageni wamefika. Njoo uwaonyeshe ukurasa."

"Aa, Hajati, niko mbali!" Siraji alijibu. "Niko barabarani, karibu na Maracha. Na bando sina."

Driciru alinigusa bega. Kwenye simu yake, juu kabisa ya ukurasa, palikuwa pametokea duara mpya. Kijiti cha rangi ya chungwa kilikuwa kinatembea juu ya maagizo ya Hajati. Jina lilikuwa juu ya kijiti.

Nilimtazama Hajati, nikajiwekea kidole mdomoni ili asiseme kitu. Halafu nikauliza kwa sauti tamu, "Siraji mwanangu, wewe ukurasa huu umeshauona lakini?"

"Mimi, Haboba? Sijawahi kuufungua! Nilisema neno langu. Mambo ya wanawake, mimi sitii mguu."

Herufi zilikuwa zinatoka moja moja, nene, juu ya kila kitu. Mgeni mmoja wa Ombaci alianza kuzisoma kwa sauti, kama mtoto darasani.

"U-ku-ra-sa huu... u-me-bu-ni-wa na... Si-ra-ji... ka-ti..."

Kijiti cha chungwa kikaganda.

Pembeni ya neno hilo pakafunguka maoni. Yalitoka Koboko.

"Salaam aleikum, kaka. Naomba kuuliza. Huyu Siraji anayeandika ni Siraji yupi?"

"Hajati?" Sauti ilikuwa ndogo sasa. "Hajati, nafikiri netiweki inakatika."

"Haijakatika, mwanangu," Hajati alisema, akisogeza simu yake karibu na kopo la sukari ili kila mtu asikie. "Rabia yuko hapo pembeni yako, anasubiri ule msamaha. Anza."